Maharamia wa baharini waliiba na picha? Naomba msaada, nina mwanafunzi anasubiri jibu

Mchoraji_Majengo ameandika:

Wadau wa sanaa, habari za jioni. Mimi ni fundi mchoraji hapa Dodoma mjini. Naandika mabango ya maduka, na Jumamosi nafundisha watoto wa mtaani kwetu kuchora. Juzi niliwaonyesha picha za meli za Waholanzi za miaka ya 1600, zile zenye moshi wa mizinga na matanga yaliyochanika, tukafika kwenye habari za maharamia. Binti mmoja wa darasa la sita akaniuliza, "Shangazi, maharamia walikuwa wanaiba na picha?" Swali limenikaa kichwani. Sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Mwenye kujua anieleze: kuna picha iliyowahi kuporwa baharini? Na rangi zenyewe je? Nimesikia nyekundu ya zamani ilikuwa mali ya kugombaniwa. Na kama nyekundu ya namna hiyo inaweza kutengenezwa kwa vitu vya huku kwetu, nitashukuru zaidi. Rosela ipo tele, wakati rangi za dukani bei haishikiki.

Kijana_AreaD amejibu:

Dada, mwambie ndiyo, na picha yenyewe ipo hadi leo. Ni kazi ya Hans Memling, mchoraji wa Brugge, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Inaonyesha Siku ya Hukumu: malaika Mikaeli kasimama katikati na mizani anapima roho, waliookoka wanapanda upande mmoja, waliopotea wanaporomoka motoni upande wa pili. Aliyeiagiza ni Angelo Tani wa benki ya Medici, iende kwao Florence, Italia. Ikapakiwa melini pamoja na bidhaa nyingine, na mwezi Aprili 1473 Paul Beneke, nahodha wa Danzig, akaiteka meli ile. Picha ikaishia kanisa la Mtakatifu Maria mjini kwake. Papa Sixtus IV alidai mali irudishwe, wapi! Hata ilipochukuliwa na majeshi ya Napoleon kwenda Paris, na baadaye na Warusi kwenda Leningrad, ilirudi palepale Danzig, ambayo leo inaitwa Gdańsk, nchini Poland. Florence haijafika.

Ila Beneke hakujiita haramia. Miji ya Hansa, yaani umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya ambao Danzig ilikuwamo, ilikuwa vitani na Uingereza, naye alikuwa akipigana kwa niaba ya miji hiyo. Waliopoteza mali ndio waliomwita haramia. Mtoto aambiwe yote mawili.

Mzee_Kondoa amejibu:

Mwanangu, nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, sasa niko Kondoa na alizeti zangu. Huyo binti mtunze, ana jicho. Kijana hapo juu kakujibu vizuri kuhusu picha. Mimi nakuambia hivi: picha zilizoporwa zilikuwa za kuhesabika, lakini rangi iliporwa kwa tani.

Wahispania walipoiteka Meksiko walikuta sokoni nyekundu kali kuliko zote walizozijua Ulaya. Inatokana na vidudu vidogo vinavyoishi juu ya dungusi kakati, mmea ule wa mapande bapa yenye miiba ambao hata huku watu wanaupanda kuwa ua. Rangi yake inaitwa kochinili. Wakulima wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, watu wa makabila ya Wazapoteki na Wamixteki, walivifuga vidudu hivyo kama sisi tunavyofuga kuku: wanaotesha dungusi, wanavipandikiza, wanavikinga na mvua na baridi, kisha wanavipangusa kwa mkono na kuvianika. Nusu kilo ya rangi kavu ni vidudu karibu 70,000. Tafadhali wasomee watoto namba hiyo taratibu.

Mzigo ulipakiwa bandari ya Veracruz, ukapitia Havana, ukashuka Sevilla, Hispania. Ukiacha madini ya fedha, ni bidhaa chache za Meksiko zilizokuwa na thamani kama hiyo. Waingereza walikuwa na wafumaji wa sufu wanaoitaka nyekundu hiyo, ila mlango ulikuwa mikononi mwa Hispania, na nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Malkia Elizabeth I akawapa manahodha wake barua za kibali cha kuteka meli za adui. Mwaka 1597 msafara wa Robert Devereux, Earl wa Essex, ulikamata meli za Kihispania huko visiwa vya Azores katika bahari ya Atlantiki, na ndani yake mlikuwa na kochinili tani 27. Kwao hakuna aliyemwita mwizi.

Sasa rangi hiyo ilifikaje kwa mchoraji? Mara nyingi kwa mlango wa nyuma. Vipande vya sufu iliyokwisha kutiwa rangi vilichemshwa kwenye maji ya majivu mpaka nyekundu itoke. Kisha ikatiwa shabu (alum), nyekundu ikaganda na kutuama chini ikawa unga. Unga ule ukasagwa na mafuta ya kitani, ukapakwa tabaka jembamba juu ya rangi nyingine ili ung'ae. Rubens, Van Dyck na Rembrandt walichora enzi hizo, na nyekundu za namna hii zilikuwa kwenye meza za wachoraji wa Ulaya.

Sisemi kila vazi jekundu kwenye picha zao lilitoka kwenye mzigo wa kuporwa. Mwingi ulipita forodhani na ushuru ukalipwa. Lakini hata huo ulitoka kwa watu waliotawaliwa kwa upanga, na hili linaniuma kila nikizitazama picha hizo: jina la mchoraji tunalo, la tajiri aliyelipa tunalo, hata la aliyepora tunalo. La mkulima wa Oaxaca hatuna.

Binti_wa_Kilwa amejibu:

Shikamoo mzee. Mimi mtu wa Kilwa, niko Dodoma kikazi, na naomba pwani yetu isiachwe nje ya somo hilo. Julai 1505 Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, alishuka Kilwa na askari wake, watu wakakimbia, nyumba zikaporwa, Wareno wakajenga ngome. Agosti wakaipora Mombasa na kuichoma moto. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara, aliandika habari hizo mwenyewe. Kwa bibi zetu huo ulikuwa uharamia. Vitabuni tunaambiwa ni uvumbuzi.

Kisha mwaka 1572 kikachapwa Köln, Ujerumani, kitabu kikubwa cha picha za miji, na ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mji wangu umechorwa kutokea upande wa maji, anakosimama mgeni mwenye meli.

Na hizo picha za Waholanzi, dada, waulize watoto nani alilipa. Willem van de Velde baba alikuwa akitoka na mashua hadi penye vita, akichora huku mizinga inalia. Alihamia Uingereza na mwanawe, na mwaka 1674 mfalme Charles II akaamuru kila mmoja alipwe pauni 100 kwa mwaka: baba kwa kuchora rasimu za vita vya baharini, mwana kwa kuzitia rangi. Mwaka 1678 mwana akachora meli ya Kiingereza ikipambana na maharamia wa Afrika Kaskazini. Nadhani unajua ni nani anayeonekana shujaa pale.

Mchoraji_Majengo ameandika:

Nawashukuru mno. Jumamosi nabandika picha ya Kilwa ukutani karibu na ile ya Van de Velde, binti azitazame zote mbili. Mzee, na rosela?

Mzee_Kondoa amejibu:

Rosela haitakufaa kwa picha ya kudumu, mwanangu. Maji yake ni mekundu kwa sababu ya uchachu. Ukitia magadi yanageuka kibluu au kijani, ukitia shabu yanaelekea zambarau, na ukiyaacha juani yanachuja upesi. Hata kochinili huchuja. Mavazi mengi kwenye picha za zamani yamefifia kwa mwanga.

Tumia ngeu, au udongo wowote mwekundu wa makorongo ya huku. Uponde, uloweke, ukoroge, mimina maji mekundu kwenye chombo kingine ukiacha mchanga chini, yatuame, kausha, saga tena. Changanya na kiini cha yai na maji kidogo, kama walivyofanya wachoraji wa Italia kabla mafuta hayajaenea. Michoro ya mapangoni hapa Kolo ni nyekundu ya udongo wa namna hiyo, na bado inasomeka. Kiini kinaoza, kwa hiyo changanya cha kutumia siku hiyo tu. Ukipata usafiri wa watoto kuja Kolo niambie mapema, nitawapokea.