Mtaa wetu wa maduka Ngamiani umechakaa: tuanze na nini kabla ya masika?

kibaraza21

Habari za jioni wadau. Sisi ni wafanyabiashara wa mtaa mmoja wa Ngamiani, Tanga. Kipande chetu kina kama mita 300 na maduka 42 pande zote mbili. Mengi ni vyumba vya mbele vya nyumba za Kiswahili zenye vibaraza: kuta za fito na udongo au mawe ya matumbawe, juu zimepigwa plasta ya saruji. Chache ni za tofali za saruji. Mitaro iko pande zote mbili, upana sentimita 40, wazi, na kila mwenye duka katupia ubao au bati la kupitia wateja. Rangi zimebanduka, kila mtu ana bango la aina yake, mti hata mmoja hakuna, na usiku ni giza.

Tumekubaliana kila duka litoe 50,000, jumla milioni 2 na laki moja. Wengi wanataka hela yote iende kwenye rangi. Naomba ushauri: kipi kitangulie, vipimo vyake, na makosa ya kukwepa. Mwenyekiti wa mtaa yuko pamoja nasi.

nondo12

Mkuu, msianze na rangi. Tazama ukuta wa duka lolote hapo: palipoharibika ni chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Mvua ikipiga udongo na maji ya mtaro, tope linarukia pale pale. Mkipaka sasa, masika ikipita mkanda wa chini umerudi kuwa wa tope na hela imekwenda na maji.

Ondoeni mbao na mabati, mwage vifuniko vya zege. Kwa mtaro wa sm 40, kifuniko kiwe sm 60 kwa 50, unene sm 7.5. Zile sm 60 ndizo zinazovuka mtaro, kwa hiyo kinakalia sm 10 kila upande. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto zisizozidi mm 20. Nondo za mm 10: vipande vinne vya sm 55 vinavyovuka mtaro, vitatu vya sm 45 vya kukatiza. Kikikauka kina uzito wa kilo 54 hivi, watu wawili wanakinyanyua. Kuna mafundi watakwambia ufanye sm 10 "kiwe imara". Kitapita kilo 70, na mtaro hautafunguliwa tena mpaka uzibe. Hivi ni vya waenda kwa miguu na mikokoteni. Sehemu inapoingia gari weka sm 15 na nondo za mm 12.

Hesabu: mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa vifuniko 6 ukitoa na upotevu. Nondo ya mita 12 hutoa nondo za vifuniko 3. Kila duka lipate vitatu mbele ya mlango, yaani upana wa mita 1.5. Duka moja basi ni nusu mfuko na nondo moja. Maduka 42: vifuniko 126, mifuko 21, nondo 42. Nondo ndizo zitakazomeza hela, nunueni kwa pamoja. Msifunike mtaro wote. Ni vifuniko 1,200, uwezo huo hamna, na mtaro uliofunikwa moja kwa moja haufagiliki.

Vinavyoharibu kazi hii ni vitatu. Mchanga wa baharini: chumvi yake inakula nondo, na zege linapasuka kutoka ndani. Nondo kukaa juu badala ya chini: ziwe sm 2.5 kutoka upande wa chini, uzikalishe kwenye vijiwe vya saruji vya unene huo. Halafu mtu wa kupanga vifuniko anakigeuza bila kujua na nondo zinakuwa juu, kinakatika katikati wiki ya kwanza. Kwa hiyo zege likiwa bichi andika JUU kwa msumari. La tatu ni kukausha kwa jua: funika magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7. Acha matundu mawili kwa kuzamisha vipande vya bomba la plastiki, utavinyanyulia kwa ndoano ya nondo. Usiache vishikio vya chuma vilivyochomoza, vinakwaza watu.

Kabla ya kufunika zoeni mchanga hadi mwisho wa mtaro na mpime mteremko kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu wa mafundi wa kupimia usawa. Angalau nusu sentimita kwa kila mita. Mahali maji yanasimama siku mbili baada ya mvua, sakafu ya mtaro irekebishwe kwanza.

Jambo la mwisho: mtaro ni sehemu ya barabara, si wa mwenye duka. Barua ipite kwa mtendaji iende TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kabla ya kumwaga zege lolote.

Chano

Hesabu za nondo12 ziko sawa, ila utaratibu wake una tatizo. Mtu akitoa 50,000 akaona mtaroni tu, mchango wa pili hautoki. Mimi ningechukua maduka 6 yanayofuatana, pande zote mbili za kona ambayo watu wengi wanapita, nikayamaliza kila kitu: vifuniko, ukuta, bango, taa. Wengine wakipita hapo watauliza zamu yao lini.

Na kabla hamjanunua rangi, tenganisheni kuta. Hapa ndipo mitaa mingi ya zamani ya pwani inapotupa hela. Ukuta wa udongo au matumbawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na unataka kupumua. Ukiuvika plasta ya saruji, kisha rangi ya mafuta chini "isishike uchafu", unyevu unakosa pa kutokea. Unasukuma rangi inavimba malengelenge, chumvi inachanua nyeupe, plasta inaachia. Gonga kwa kiungo cha kidole: panapolia bo, plasta haijashika. Ondoeni hiyo yote, kwa kawaida ni mita moja ya chini, acheni ukuta ukauke, kisha pigeni plasta ya chokaa 1 kwa mchanga wa mtoni 3, safu mbili za kama sm 1. Ya pili ipigwe ya kwanza ikiwa imekaza, na zote zifunikwe gunia bichi siku tatu. Ikikauka haraka inakuwa ungaunga.

Juu yake pakeni chokaa, si rangi ya dukani. Loweka chokaa usiku kucha kwenye pipa la plastiki, chuja kwa kipande cha chandarua, ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka alasiri upande ukiwa kivulini, safu moja kwa siku, safu nne. Ukipaka inaonekana kama maji tu, inakuja kuwa nyeupe ikikauka. Hapo ndipo kijana anaona haishiki, anaongeza unga, na mwisho wake kila anayeegemea ukuta anaondoka na mgongo mweupe. Mkitaka rangi tumieni oksidi ya chuma, ile nyekundu au ya manjano. Rangi nyingine nyingi za unga chokaa inazifubaza. Mpakaji avae miwani, chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Na haishiki juu ya rangi ya plastiki au ya mafuta, kwa hiyo kwangueni kwanza.

Kuta za tofali za saruji ni rahisi: brashi ya waya, ziba nyufa, rangi ya maji ya nje mikono miwili, yaani safu mbili. Plasta mpya ya saruji iachwe siku 28, la sivyo ukali wa saruji unababua rangi. Kipimo: uso wa duka wa mita 4 kwa 3, ukitoa mlango, ni kama mita 9 za mraba. Ukuta wenye mkwaruzo lita moja inafika mita 8 hivi. Hata kama maduka yote 42 yangekuwa ya tofali, mikono miwili ni kama lita 95, yaani ndoo tano za lita 20. Watu wakisikia "kupaka mtaa mzima" hudhani ni ndoo thelathini.

Rangi chagueni moja ya ukuta na moja ya mkanda wa chini, basi. Mkanda uwe wa rangi ya udongo wa hapo hapo mtaani: chukueni udongo kwenye mfuko, mkachanganyishe rangi dukani kwa kuufananisha nao. Tope likiruka halionekani. Nyeupe hadi chini ni kujitafutia kazi ya kila Jumamosi.

Bi Asumini

Naongeza kuhusu miti na taka, hayo mawili yanakwenda pamoja.

Msipande mkungu kandokando ya mtaro hata kama kivuli chake ni kizuri. Majani yake ni mapana, yanaanguka kwa wingi na kuziba mtaro, na mizizi inainua sakafu. Mwembe nao utaletea wenye maduka mawe ya watoto juu ya mabati. Palipo na nafasi, mwarobaini unavumilia jua la Januari na chumvi ya bahari, lakini uwe mita 2 kutoka mtaroni na usiwe chini ya nyaya, maana TANESCO, watu wa umeme, watakuja kuukata kichwa na utabaki kilema. Palipo pembamba weka bogenvilia ukutani. Haina shida ya maji ikishashika, ila ina miiba, kwa hiyo ifungwe juu ya usawa wa kichwa.

Shimo sm 60 kila upande, udongo wa juu sehemu mbili kwa samadi iliyooza sehemu moja. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Pandeni mvua za masika zikishaanza, si kabla. Kiangazi kinachofuata ndoo moja ya lita 20 kila baada ya siku mbili, na mti mmoja uwe na duka moja linalowajibika nao kwa jina. Mti wa wote hufa. Kizuizi cha mabanzi kiwe na kimo cha mita 1.5, mbuzi wa mjini anasimama kwa miguu miwili.

Matairi yaliyopakwa rangi kama vyungu, mimi siyapendi kwa macho, lakini mkiyatumia kateni ukingo wa ndani na kutoboa chini. Vinginevyo yanashika maji na mbu wa dengi huzaliana humo.

Mapipa: msiyapange kwa umbali sawa. Taka hazizalishwi sawa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019 taka za mtaani ni chupa, maganda ya miwa na madafu. Muuza madafu mmoja anajaza pipa kabla ya adhuhuri, kisha watu wanatupa chini kwa sababu pipa limejaa. Madafu yawe na kizimba chake cha wavu, yapasuliwe yakishanywewa yasishike maji ya mvua. Mapipa ya kawaida mawili kwa wauza vyakula na moja kila kona yanatosha. Yatobolewe chini, yaning'inizwe kwenye vyuma viwili vilivyozamishwa kwenye zege, yawe yanapinduliwa kumwaga bila kuondolewa. Pipa lisilofungwa litaishia kuhifadhi maji uani kwa mtu.

kibaraza21

Shukrani sana wakuu, na wewe Bi Asumini. Wazo la Chano la maduka 6 nadhani litapita kikaoni. Swali: kuna kampuni imetuahidi kutupakia maduka yote bure, rangi zake na nembo. Nusu ya wenzangu wanataka tukubali. Na mabango je?

Mpiga Brashi

Bure hiyo ina bei. Maduka 42 ya rangi moja kali yenye nembo hayawi mtaa, yanakuwa tangazo la mita 300, na jina la duka linabaki herufi ndogo pembeni. Pia tangazo la biashara hulipiwa ada. Kabla ya kusaini pateni kwa maandishi nani analipa, kwa miaka mingapi, na nani anapaka upya likibabuka. Mnaweza kujadiliana: wao watoe rangi mnazochagua ninyi, nembo yao iwe ubao mmoja wa sm 40 kwa 40 kwa kila duka. Wakikataa, ndoo tano alizozihesabu Chano haziwashindi.

Mabango yote yakae kwenye mkanda mmoja juu ya mlango, kimo sm 60, ukingo wa chini mita 2.5 kutoka kwenye kibaraza. Vuteni uzi kutoka duka la kwanza hadi la sita. Ule mstari ulionyooka ndio utakaobadilisha sura ya mtaa kuliko rangi yoyote. Mabango ya turubai ya kuchapishwa hupauka kwa jua, yale mekundu kwanza, na upepo wa kusi unayachana kwenye pembe. Kuandika kwa brashi moja kwa moja ukutani hudumu zaidi na hakuna chuma cha kushika kutu. Herufi za jina sm 20 zinasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Chini yake mstari mmoja wa unachouza, si orodha ya bidhaa ishirini.

Taa: balbu moja ya LED ya wati 9 chini ya bati la kila duka, mwanga wa manjano, yenye kihisi cha kuwaka giza likiingia. Saa 11 kila usiku ni kama uniti 3 kwa mwezi, hakuna wa kulalamika. Holda iwe ya plastiki, ya chuma itashika kutu.

Milango ya chuma msipake juu ya kutu. Kwangua hadi chuma king'ae, futa kwa kitambaa chenye thina, paka redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyo hiyo kabla ya jioni, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Ukilaza chuma kilichokwanguliwa usiku mmoja kwenye hewa ya Tanga, asubuhi kina kutu mpya na unaanza upya. Ukingo wa chini wa mlango upakwe hata upande usioonekana, kutu huanzia huko.