Kisigino kinaniua: ninunue soli za jeli, nidungwe sindano ama nitafute raba Owino?

Askari_wa_Usiku
Habari zenu ndugu. Niko na shida ya mguu, kisigino kinauma vibaya na sasa nimefika mahali pa kuamua kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara unaingia na hela yenyewe haitoshi vyote. Njia nilizoambiwa ni hizi. Duka moja la dawa mjini wanauza soli za jeli za kutia ndani ya kiatu, 45,000. Kliniki ya karibu na kwangu wanasema sindano moja tu inamaliza maneno, 60,000. Ama nishuke soko la Owino nitafute raba nzuri ya mtumba niachane na hizi buti. Nani ashatumia mojawapo anisaidie, ipi ndo inafanya kazi? Msinitume kwa maprofesa, hiyo hela sina.

MamaHawa_Bombo
Pole sana mwanangu. Maji moto na chumvi kila jioni, chovya mguu mpaka yapoe, halafu paka mafuta ya simsim ukande. Marehemu mzee wangu alikuwa jeshini na buti zilimtesa hivohivo, sindano hakugusa.

Nesi_wa_Jinja
Ssebo umeleta swali nusu. Kinauma chini ama nyuma pale juu ya kiatu? Asubuhi ama jioni? Mguu mmoja ama yote miwili? Uliruka mahali ukaanguka? Unasimama saa ngapi kwa siku, una kilo ngapi, na sukari umewahi kupima? Na hiyo sindano ni ya dawa gani? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

FundiViatu_Kisenyi
Nesi amesema kweli lakini mimi jibu ninalo tayari 😀 Hiyo jeli ya 45,000 wiki chache imebonyea imekuwa karatasi. Niletee hizo buti hapa Kisenyi, nakata sponji ya sapatu nzito, natoboa kidogo pale kisigino kinapokaa, nagundisha, 8,000 na unangoja ukinywa chai.

Dereva_Elegu
Mi niongee ya sindano kwa sababu imenipita mwilini. Naendesha trela kutoka Malaba mpaka Elegu, kazi ni kupanda na kushuka kabini, kisigino cha kulia kikaanza hivohivo kama chako. Nikaingia kliniki fulani, jina naliacha, jamaa hata mguu hakuushika, ameniuliza panauma wapi, nikaonyesha na kidole, akadunga palepale, walai niliisikia mpaka kwenye meno. Usiku huo ukawaka kuliko mwanzo halafu ikatulia kabisa, nikawa natembea kama bwana harusi. Baada ya muda ikarudi, nikarudi, akadunga tena, ikarudi tena, akadunga tena, hakuna siku aliyouliza nafanya kazi gani ama navaa nini. Sasa siku hiyo tuko Elegu tunangoja karatasi za kuvuka upande wa Sudan Kusini, nimeshuka kabini kwa kuruka, sio juu sana, nikasikia PA chini ya unyayo, nikadhani nimekanyaga chupa. Kuangalia hakuna chupa. Kufika jioni unyayo umevimba umekuwa wa bluu, tanboi amenibeba begani mpaka loji, na mzigo wa watu uko njiani. Kwa hospitali kubwa daktari wa mifupa akaniambia ule utando wa chini umekatika, na hiyo dawa ikirudiwarudiwa sehemu moja inaweza kuulegeza. Akanivalisha lile buti refu la plastiki, bosi akampa trela mtu mwingine na huyo mtu mpaka leo hajalirudisha. Sasa niko na kenta ya mchanga. Kuna mwenzangu wa barabarani alidungwa mara moja tu na yuko sawa, kwa hivo sisemi ni sumu. Nasema uliza anayedunga ni nani na atadunga ngapi.

Askari_wa_Usiku
Banange! Basi sindano naogopa. Nesi majibu: ni chini ya kisigino, upande wa ndani kidogo, wa kushoto peke yake. Asubuhi nikikanyaga chini mara ya kwanza nataka kulia, nikitembea inalegea, halafu zamu ikikaribia kuisha inarudi. Sijaanguka. Nasimama zamu nzima getini. Sukari sijapima. Kilo siwezi kusema hapa. Sindano wameniambia ni ya takoni, ya kupunguza maumivu.

Nesi_wa_Jinja
Ya TAKONI?? Afande, hiyo si ile dereva anasema. Yake ilikuwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, inaingia palepale kisiginoni. Ya takoni ya kupunguza maumivu mara nyingi ni diklofenaki, dawa ileile wanauza vidonge. 60,000 kwa diklofenaki! Na ukiwa na vidonda vya tumbo ama figo mbaya hiyo dawa inakuumiza bure.

Dereva_Elegu
Kwa hivo hadithi yangu yote nimeandika bure? 😂

Nesi_wa_Jinja
Si bure, wako wengi wanaosoma bila kuandika. Sasa Afande, vile unaeleza inafanana sana na plantafasaitisi, yaani ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni umechoka pale unaposhikia kwenye mfupa. Usiku unajikunja, asubuhi unaunyoosha kwa ghafla, ndo maana hatua za kwanza ni moto. Wengi hupona bila kisu lakini ni maneno ya miezi si ya siku, wengine karibu mwaka. Zoezi halina bei: kabla hujashuka kitandani weka mguu juu ya goti la pili, shika vidole uvivute nyuma mpaka uone unyayo umekaza, hesabu 10, rudia mara 10, fanya hivo mara 3 kwa siku. Halafu kigimbi, sukuma ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka na kisigino hakiinuki. Jaza maji chupa ya soda ya plastiki, gandisha, viringisha chini ya unyayo. Soli zinasaidia watu wengine, na zile za tayari hazipitwi mbali na za kupimwa mguu ambazo bei yake utaanguka. Steroidi yenyewe inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, haiondoi shida, na zaidi ya kukata utando inaweza kupunguza yale mafuta ya kisigino, yakiisha unakanyagia mfupa. Na ukipigwa eksirei wakakuonyesha kamfupa kamechongoka usikubali kutishwa, watu wengi wanako na hakawaumi kitu.

Sukari nenda upime kabla ya yote. Mwenye sukari mguu unaingia ganzi, anachomwa na msumari asijue, kidonda kinakula mpaka anakatwa, na steroidi inapandisha sukari juu zaidi.

Kapchorwa_Mbio
Nesi nakubali ila kunyoosha peke yake hakutoshi, mguu unataka nguvu. Kunja taulo uweke chini ya vidole, simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi, panda na vidole polepole, shuka polepole, siku moja ndio siku moja hapana. Huku kwetu alikotoka Cheptegei yule bingwa wa mbio kila mtu ni daktari wa miguu kwa hivo chuja unachosikia. Ingekuwa nyuma, kwa ile kano kubwa, ingekuwa kushuka tu kisigino chini ya ngazi, 15 mara 3, asubuhi na jioni, wiki 12, na inauma kweli. Kitu kingine hakuna aliyesema, minya kisigino pande zote mbili na viganja. Ikiuma sana hapo, inaweza kuwa mfupa wenyewe umepasuka ufa mdogo, na eksirei ya mapema mara nyingine haionyeshi. Hiyo ni kupumzika, mazoezi yote unaacha.

Na hiyo sponji ya sapatu ya Fundi siipendi. Laini sana mguu unazama.

FundiViatu_Kisenyi
Wewe unakimbia kwenye majani huko mlimani, huyu anasimama kwa saruji usiku mzima. Nani kasema laini? Nimesema sapatu NZITO. Akienda Owino nimpe siri: kiatu ukikikunja kikunjike penye vidole, kikikunjika katikati kirudishe. Minya ngozi ya nyuma ya kisigino na vidole viwili, ikibonyea rudisha. Halafu sponji, mitumba mingine imekaa kontena mpaka imekauka, nje inang'aa ndani ni ubao.

Askari_wa_Usiku
Asanteni. Shida ni kwamba kampuni hawakubali raba kazini, ni buti nyeusi tu, supavaiza akikuta raba anakata hela.

Nesi_wa_Jinja
Sasa Owino uliiweka ya nini kwenye swali? 🤦🏾‍♀️

Askari_wa_Usiku
Nilidhani nitavaa nikienda na nikirudi.

Mzee_wa_Kamwenge
Nyinyi vijana mmeharibiwa na viatu. Baba yangu alitembea peku mpaka uzee wake na hakuwa na kisigino cha kuuma. Avue buti atembee peku nyumbani, mguu utajifunza.

Kapchorwa_Mbio
Mzee na heshima yako, na wewe ni wa Kamwenge! Si kwenu huko mwaka 2015 watu walikuta miguu ya wakulima imevimba vibaya, kumbe ni podokonyosi, udongo wa volkano unapenya ngozi kwa miaka na miaka ya kulima peku? Dawa ya kwanza ilikuwa maji, sabuni na viatu.

Mzee_wa_Kamwenge
Hiyo ni shambani. Mimi nasema nyumbani, kwa saruji.

Nesi_wa_Jinja
Kwa saruji na kisigino hicho ndo mbaya zaidi mzee, asubuhi avae sapatu palepale kitandani. Na peku huku kwetu Busoga ni kukaribisha funza, mnakumbuka 2010 vile funza walivyotesa watu. Tena watu wanatoana funza na pini moja nyumba nzima, pepopunda inaingilia hapo.

MamaHawa_Bombo
Nesi samahani naingilia. Mjukuu wangu ana wiki 3, mguu mmoja umepinda ndani, unyayo unaangalia mwenzake. Jirani anasema tumkande na mafuta utanyooka wenyewe. Ni kweli?

Nesi_wa_Jinja
Hapana mama, mkimkanda mnapoteza wakati. Mwite mama yake leo. Hiyo inaonekana ni mguu kifundo, ule wa kuzaliwa umepinda, na inatibika vizuri mtoto akiwa mdogo hivo. Wanafunga gipsi kila wiki, wanageuza mguu kidogokidogo, kwa kawaida gipsi 5 ama 6, wengi wanakatwa kidogo ile kano ya nyuma, halafu anavaa viatu vilivyoungwa na chuma. Miezi 3 ya kwanza karibu muda wote, baadaye wakati wa kulala mpaka miaka 4 hivi. Wazazi wengi wanaacha viatu mtoto akianza kutembea vizuri na mguu unarudi. Hospitali ya Mulago wanafanya, ya CoRSU pale Kisubi pia.

MamaHawa_Bombo
Gipsi kwa mtoto wa wiki 3 haitamvunja?

Nesi_wa_Jinja
Haimvunji mama, mguu wa umri huo bado ni laini ndo maana wanaharakisha. Wakimfunga angalieni vidole, vikibadilika rangi ama vikiwa baridi mrudisheni haraka.

Dereva_Elegu
Afande, unavaa saizi gani? Niko na kiatu cheusi cha ngozi, chini kina soli ya raba, supavaiza hawezi kujua, 43, daktari alinikataza kukivaa.

Askari_wa_Usiku
41. Fundi unaweza kukipunguza? Halafu nesi, kupima sukari pale Jinja ni hela ngapi?

FundiViatu_Kisenyi
Kupanua naweza, kupunguza hapana, ila namba 2 hizo sponji yangu inajaza. Mama Hawa, hivo viatu vya chuma vya mtoto mkipewa naomba picha, nataka kuona vile wameunga.