MREJESHO: Mwenye nyumba aliyenipigia kufuli kabla kodi haijaisha

Wakuu habari za jioni. Mimi ndo yule mpangaji wa Mbagala niliyeuliza hapa, mama mwenye nyumba kapandisha kodi katikati ya miezi sita niliyokwisha lipia, nikagoma, akapiga kufuli vitu vikiwa ndani. Nashukuruni sana aisee, hasa mliosema nisivunje kufuli maana mikono ilishaanza kuwasha.

Nilienda kwa msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hakunitoza hata mia. Akasoma mkataba, akanambia niprinti na zile meseji za kutuma pesa, tukaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa ila pale hamna kitu, anamuogopa yule mama. Tukasogea Baraza la Kata, na hapa ndo mlibishana sana: tangu marekebisho ya 2021 kata wanapatanisha tu hawatoi hukumu, wakishindwa ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama kusikia wilaya akalegea, kufuli likatoka, godoro na cherehani nimevikuta, mchele walishamaliza panya.

Kodi ya miezi iliyobaki karudisha nusu. Hela niliyotengenezea choo kaikana katakata na sikuwa na maandishi, hiyo nimesamehe. Nimeshahama. Nusu nyingine bado naidai, dada msaidizi ananisaidia kuandika maombi, ila wilayani nasimama mwenyewe, yeye haruhusiwi kuniwakilisha.