Sensa za ABS: nipime kwa mita au ninunue mashine?

Mzee wa Kimara: Wakuu habari za jioni. Taa ya ABS, ile mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge, imegoma kuzima. Fundi anasema kuna sensa ya kusoma spidi ya tairi imekufa, ila hajui ni ipi. Nataka nipime mwenyewe kabla sijatoa hela ya spea. Ninunue mita ya kawaida ya kupimia umeme au mashine ya kusomea kodi za hitilafu za gari? Vyote viwili siviwezi.

Fundi Nyaya: Gari gani, mwaka gani? Bila hivyo tutapiga ramli tu.

Chuma Dodoma: Mita inatosha mkuu. Piga jeki, chomoa soketi ya sensa, pima omu (ukinzani wa umeme). Nzima nyingi zinasoma kati ya 800 na 2,000 hivi. Kisha weka mita kwenye volti za AC, zungusha tairi kwa mkono. Ukiongeza kasi volti zikapanda, sensa iko sawa.

Fundi Nyaya: Hizo ni sensa za koili, za zamani. Za siku hizi hazifanyi kazi mpaka zipewe umeme na boksi la ABS (kompyuta yake). Ukizipima omu hupati jibu la maana, na unaweza kuiunguza kabisa. Ndiyo maana nauliza gari.

Mzee wa Kimara: Forester ya 2009.

Fundi Nyaya: Basi sahau omu. Sensa yake inasoma sumaku iliyo kwenye hub (kitovu cha tairi chenye beringi). Fungulia swichi, injini isiwake, pima kama umeme unafika kwenye soketi upande wa gari. Ukifika, tafuta mashine inayoingia kwenye ABS, endesha taratibu barabara iliyonyooka uangalie spidi za matairi yote manne. Inayosoma sifuri au kurukaruka ndiyo hiyo.

Mama Abdul: Na si kila mashine! Vile vidude vya bluetooth vya bei chee vingi vinasoma injini tu. Mimi gereji moja walinibadilishia beringi, taa ikawaka. Wakaniuzia sensa, taa palepale. Wakaniuzia nyingine! Fundi mwingine akafungua, akashika klipu ya karatasi akaigusisha kwenye beringi: upande mmoja inanata, wa pili inadondoka. Beringi ilipigwa kinyume, upande wa sumaku umeipa sensa mgongo. Hela yangu ya sensa mbili ilipotea bure.

Dereva wa Vumbi: Kwani ABS ya nini? Kwenye changarawe inarefusha breki tu. Mimi nilichomoa fyuzi.

Mama Abdul: Kaka, teremka mlima Kitonga mvua inanyesha, mbele yako lori limesimama ghafla. Bila ABS tairi zikijifunga usukani hausikii tena. Usimshauri mwenzio hivyo.

Chuma Dodoma: Mita bado naitetea. Waya hukatikia ndani pale karibu na shokapu, unapojikunja kila ukigeuza usukani. Kwa nje mzima. Mashine itakwambia sensa, kumbe waya.

Mzee wa Kimara: Hapo sawa. Halafu hub ya mbele kushoto ilibadilishwa mwezi uliopita.

Fundi Nyaya: Mzee wangu, hilo ndilo ungeanza nalo! Ni ya ABS? Zipo zisizo na sumaku, kwa macho zinafanana.

Mzee wa Kimara: Risiti imeandikwa "hub Forester" basi.

Dereva wa Vumbi: Uliichukua Gerezani, kwenye maduka ya spea? Bei gani? Yangu ya nyuma inalia.