Mrejesho: kuendesha mistari ya skripti bila kutoka ndani ya Vim

Wakuu, niliuliza namna ya kuendesha mistari michache tu ya skripti ya bash (programu inayotekeleza amri za terminali) nikiwa ndani ya Vim (kihariri cha maandishi), bila kunakili na kubandika kwenye terminali kila mara. Imekubali, na nawashukuru sana mliojibu.

Weka kishale kwenye mstari unaoutaka, andika `:.w !bash`, bonyeza Enter. Mstari unapelekwa kwa bash, majibu yanatokea chini ya skrini, na faili halibadiliki. Kwa mistari kadhaa, bonyeza V ili kuanza kuchagua, shuka hadi mwisho, kisha nukta pacha (:). Vim yenyewe inajaza `'<,'>`, nawe unamalizia `w !bash`. Mchunge sana nafasi iliyo kabla ya alama ya mshangao: `:w! bash` ni jambo jingine kabisa, inahifadhi maandishi kwenye faili liitwalo bash.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni hiki: kila mara inaanzishwa bash mpya. Nikiendesha `DIR=/var/log` peke yake, halafu `ls "$DIR"` peke yake, ya pili inagoma kwa sababu DIR haipo tena. Nikichagua yote mawili kwa pamoja, majina ya faili yanamwagika vizuri. `cd`, amri ya kuhama folda, nayo ni vilevile. Anayetaka kumbukumbu idumu afungue `:terminal`, yaani terminali ndani ya Vim, iliyoingia na Vim 8.1 mwaka 2018.

Ili kitufe cha F5 kiendeshe mstari wenye kishale, kwenye .vimrc (faili la mipangilio ya Vim) nimeweka `nnoremap <F5> :.w !bash<CR>`. Naitumia kutwa nzima.