Miguu hainipi usingizi, naombeni ushauri

Mleta uzi: Habari za usiku wanajamvi. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 38. Huu mwezi wa tano silali. Mchana sina shida, kutwa nasimama dukani. Ikifika saa tatu usiku nikajinyoosha, ndani ya miguu chini ya magoti panaanza kutambaa kama siafu. Si maumivu, si ganzi; miguu inataka tu kuchezeshwa. Nikitembea inatulia, nikilala inarudi. Jana saa nane usiku nilikuwa nimesimama jikoni peku, natafuta ubaridi wa saruji. Baba watoto kahamia kwenye kochi maana nampiga mateke. Shangazi anasema nimetegeshewa kitu nikakanyaga. Zahanati walinipa diklofenaki ya maumivu, wapi!

Mama Pacha: Pole sana mpenzi. Mimi ilinianza mimba ikiwa na miezi saba, nilipojifungua ikaisha. Huna mimba? Na hedhi ikoje?

Mleta uzi: Mimba sina. Hedhi nzito, siku saba, miaka sasa. Ila nilipima damu, wakasema 12.1, iko vizuri.

Tabibu wa Kijijini: Dada, anzia hapo kwenye hedhi. Unayoeleza inafanana sana na ugonjwa wa miguu isiyotulia. Daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliuandika tangu 1672, kwa hiyo la kurogwa liache. Hiyo 12.1 ni wingi wa damu, haikuambii akiba ya madini ya chuma. Omba kipimo cha feritini, ndicho kinachoonyesha akiba hiyo. Damu huweza kuonekana nzuri huku akiba imekauka, na ubongo unahitaji chuma ili dopamini, kemikali yake ya kuongoza mwendo wa mwili, ifanye kazi. Kwa mwenye tatizo hili, feritini ikiwa 75 kushuka chini huanzishiwa vidonge, hata kama karatasi ya maabara imeandika ni kawaida. Usijinunulie kabla ya kupima, chuma kikizidi kinadhuru. Figo na sukari pia waangalie. Kuna dawa nyingine unatumia?

Mleta uzi: Piriton kila usiku, mafua ya vumbi. Na nilidhani inanisaidia kulala.

Tabibu wa Kijijini: Hiyo inakuchochea! Dawa za mzio zinazoleta usingizi huzidisha hali hii. Muulize daktari akubadilishie, loratadini kwa mfano.

Msafiri wa Mwanza: Miaka tisa ninayo. Kahawa mwisho mchana, kabla ya kulala nakanda mashavu ya miguu kwa maji ya moto. Basi la usiku ndio mtihani, nakata siti ya kwenye njia ili niweze kusimama. Na chai ya rangi usiinywe karibu na vidonge vya chuma, inakizuia kuingia mwilini.

Mleta uzi (wiki saba baadaye): Feritini ilikuwa 11! Nameza kidonge na juisi ya chungwa, Piriton nimeacha. Bado siku mbili tatu kwa wiki inanijia, ila juzi nililala mpaka adhana ya alfajiri. Alhamisi naenda utrasaundi ya kizazi, wajue hiyo damu inatoka wapi.