Mjadala: Uwanja wa gofu wa Gymkhana, Dar es Salaam, ufunguliwe kwa umma?

Mleta mada: Wakuu, ukitoka Posta kwa miguu kuelekea Ocean Road, maghorofa yanakatika ghafla na unakutana na majani ya mashimo 18. Mimi nasema pale pawe bustani ya watu wote, na sababu yangu ni historia.

Klabu ya Gymkhana ilianza 1916. Waingereza ndiyo kwanza wameuteka mji, Septemba mwaka huohuo, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa bado anapigana nao bara. Hakusalimu amri hadi Novemba 1918. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita ile, Vita Kuu ya Kwanza, walipigishwa kambi pale tulipokuja kupaita Kariakoo, yaani Carrier Corps kwa ulimi wetu. Wengi hawakurudi makwao. Bwana mkubwa keshapata klabu!

Na uwazi ule si bahati. Ulitenga Uzunguni na Uhindini, kama Mnazi Mmoja ulivyotenga Uhindini na Kariakoo. Viwanja ndugu hivi. Leo Mnazi Mmoja anakaa yeyote, hata mwenye kuuza muhogo. Gymkhana bado ni ya wanachama.

Mchangiaji wa Ilala: Historia yako sawa mkuu, dawa yako ndiyo siyo. Uzio unaoulaani ndio uliobakiza majani. Maeneo mangapi ya wazi mjini hapa yameota fremu na gereji? Fungua leo, mwakani tutakuta baa na pa kuoshea magari.

Mchangiaji wa Upanga: Msiwasahau makedi. Watoto wa maskini wameingia kwa kubeba mifuko ya wakubwa, wakatoka wachezaji wa kulipwa. Bustani haiwapi ugali.

Mleta mada: La makedi nimelisikia, ingawa kubeba mizigo ya wengine ndiko tulikoanzia 1916, au vipi? La fremu ndilo limenikata maini, sina jibu. Basi gofu ibaki, ila pembezoni iwekwe njia ya watembea kwa miguu, na getini kibao kinachosema ukanda ule uliachwa wazi kwa ajili ya nini. Siyo "1916" tupu.

Mchangiaji wa Ilala: Kibao nakuunga mkono. Hiyo njia sasa, mpira ukimpata mama wa watu kisogoni atashtakiwa nani?